Taa ya Kumi na Saba

Katika kitabu cha matukio sajenti wa zamu alikuwa ameandika mstari mmoja tu: mlalamishi adai ameibiwa taa, taa ipo. Inspekta Nyamvula Munga aliusoma mara mbili, akatia rula na daftari mkobani, akashika njia ya Mtongwe kwa miguu, kwa sababu Jumanne ile gari la kituo lilikuwa gereji.

Mlalamishi alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Alikuwa Mzee Abdulaziz Mwinyihaji, miaka sabini na minne, fundi wa injini za meli aliyestaafu. Presha ya macho ilikuwa imemla macho yote mawili, na sasa alichobakiwa nacho ni kujua tu dirisha liko upande gani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sauti ya Kidigo hiyo. Wa wapi?"

"Wa Waa, baba."

"Karibu ndani. Yule askari niliyemkuta jana kituoni alinicheka. Wewe ukitaka kucheka, cheka mwisho."

Alimwongoza hadi chumba kilichokuwa cha wanawe kabla hawajaoa. Kuta tatu zilikuwa na rafu, na juu ya rafu zilipangwa taa ndogo za udongo, kila moja ya kuenea kiganjani, yenye tumbo la mviringo na mdomo wa kutilia utambi. Juu ya kila taa palikuwa na kisahani chenye picha iliyoinuka: jitu likimkaba simba, farasi mwenye mbawa, mtu aliyejificha chini ya tumbo la kondoo dume ili alitoroke zimwi la jicho moja. Warumi walizijaza mafuta ya zeituni na kuziwasha miaka elfu mbili iliyopita. Abdulaziz alizinunua moja moja kwa miaka thelathini na mmoja ya ubaharia, huko Tunis, Napoli, Izmir na Aleksandria.

"Wenzangu walirudi na redio," alisema. "Mimi nikarudi na hizi. Mke wangu akauliza, na balbu ziko wapi?"

"Na mpaka leo sijajibiwa," alisema Bi Mwanatabu, mkewe, akiingia na sinia la chai na mahamri.

Zilikuwa taa arubaini na moja. Kila siku baada ya swala ya alasiri mzee alichukua moja, akakaa nayo kibarazani, akaipapasa mpaka magharibi. Kesho yake ilifuata nyingine, na zikiisha alianza upya. Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa ya taa ya kumi na saba.

"Nikaishika. Si yangu."

Nyamvula aliitazama. Kisahani kilionyesha kijana anayekimbia, mzee amekaa begani mwake. Mzee Abdulaziz alimweleza kwamba yule kijana anaitwa Ainea, mji wao umetiwa moto na maadui, naye anamtoa babake kwa kumbeba.

"Ndiyo ile ile, afande," Bi Mwanatabu alisema polepole. "Mimi nina mato. Rangi ile, picha ile, mahali pake pale pale. Lakini huyu amekwishamrudisha Dorcas kwao. Miaka kumi na mmoja yuatutumikia, akaambiwa apumzike mbele ya majirani, kwa sababu ya taa ambayo haikutoka rafuni!"

"Ni yeye tu azipangusaye," mzee alijibu, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Nyamvula hakubishana na yeyote. Alimwomba mzee aketi, akaenda rafuni bila mpango, akamtilia mikononi taa moja.

"Simba. Ya tano. Napoli."

Akampa nyingine. "Farasi wa mbawa. Ya thelathini. Mdomo umepasuka kushoto."

Tatu zilizofuata alizitaja kabla hajazigeuza. Mara ya sita Nyamvula alimpa ile ya kumi na saba, na mzee akaisukuma nyuma kama mtu aliyepewa mkono wa mgeni gizani.

"Hino sijui ni ya nani. Chini pana herufi, jina la mfinyanzi. Ukucha wangu ulikuwa waingia ndani ya herufi ya kwanza. Sasa wateleza."

"Una maandishi yoyote kuhusu taa hizi, baba?"

Mzee aliguta kwa furaha ya fundi. Alikuwa na daftari la meli lenye jalada gumu, na humo kila taa iliandikwa siku iliponunuliwa, pamoja na vipimo alivyochukua kwa kalipa ya chumba cha injini. Nyamvula alitafuta ukurasa. Taa ya kumi na saba: urefu milimita mia moja na kumi na mbili, upana sabini na nane. Akatoa rula yake. Urefu mia moja na tatu, upana sabini na mbili. Akapima taa nyingine tatu, na zote zikaoana na daftari.

"Bi Mwanatabu, hebu njoo uone."

Bi Mwanatabu aliangalia rula, akaangalia daftari, akaketi kitandani.

"Haki ya Mungu," alisema. "Imepungua."

Nyamvula aliuliza nani ameingia chumbani humo tangu mzee alipoishika ile taa mara ya mwisho, siku arubaini na moja kabla ya Ijumaa. Waliwataja wawili. Wa kwanza ni Dorcas, kila Alhamisi, na brashi yake. Wa pili ni mfanyabiashara mmoja wa vinyago kutoka Shanzu, Dancun, aliyekuja wiki tatu nyuma akitaka kununua, akakataliwa, akaacha kadi. Mgeni mwingine hakuja.

Alipokuwa akitoka aliiona picha ukutani: vijana wawili wenye ovaroli mbele ya hospitali, mmoja amefungwa bendeji kuanzia sikioni hadi begani.

"Huyo ni mimi na Erastus," mzee alisema alipoulizwa. "Tunis, mwaka wa themanini na nne."

*

Dancun alikuwa na kibanda karibu na lango la hoteli moja Shanzu, kimejaa twiga wa mbao na ngao zisizowahi kuona vita. Alipoona kitambulisho cha polisi alianza kueleza habari za leseni.

"Sikuja kwa leseni," Nyamvula alisema, akafungua leso na kumwonyesha ile taa.

Dancun aliichukua, na hofu ikamtoka usoni. Aliigeuza, akaigonga kwa ukucha, akaisogeza puani.

"Madam, hii ni kopi. Nani amekuuzia?"

"Unajuaje?"

"Kazi yangu ni kopi, bana. Angalia hizi herufi za chini, zimefutika kama sabuni iliyotumika. Mtu amechukua taa yenyewe, akaitoa kalibu, akakandamiza udongo ndani. Udongo mbichi una maji. Ukikauka na kuchomwa, unasinyaa. Kila unapotoa kalibu kwa kitu halisi, mtoto wake anazaliwa mdogo."

"Kwa hiyo aliyeitengeneza alikuwa na ile halisi mkononi."

"Lazima. Siku moja, mbili." Aliisogeza juani. "Na huu udongo unaometameta naujua. Ni wa Rosalia wa Mishomoroni, anayetengeneza vyungu vya maua vya hoteli. Hata mimi nanunua kwake."

Nyamvula alimuuliza alikuwa wapi katika wiki mbili zilizopita. Dancun alikuwa Kisumu kwenye mazishi ya shangazi yake, akamwonyesha tiketi ya kwenda na ya kurudi. Inspekta aliziandika nambari zake, akamshukuru.

Njiani jina la Mishomoroni halikumpendeza. Dorcas alikuwa akiishi Mishomoroni.

*

Alimkuta Dorcas mlangoni pake akipiga pasi sare za shule za watu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ya chini. Hakuacha pasi.

"Nilijua mtakuja. Karibu, afande. Kiti hicho."

"Unamjua Rosalia, mfinyanzi?"

"Namjua. Tunaimba kwaya moja." Dorcas alilikunja shati, akaliweka juu ya jingine. "Kama hilo ndilo linalonitia hatiani, andika."

Nyamvula hakuandika. "Niambie unavyozipangusa."

"Kwa brashi ya rangi, laini, moja moja. Miaka kumi na mmoja sijavunja hata kikombe katika nyumba ile. Mzee akiwa bado anaona kidogo, ananiachia funguo. Sasa haoni, ananiambia nipumzike." Alipitisha pasi kwenye kola. "Nilimwambia mama kuhusu ile taa. Nilimwambia Alhamisi."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ya kumi na saba imeanza kuzeeka. Brashi ilitoka na vumbi jekundu, kama la tofali. Mama akasema ni hewa ya chumvi."

"Alhamisi ipi?"

"Hii iliyopita. Ile ya kabla yake taa ilikuwa safi kabisa."

Nyamvula alihesabu kwenye daftari. Basi taa ilibadilishwa katika zile siku sita zilizo katikati, na siku hizo Dancun alikuwa Kisumu. Tena Dorcas, kama ndiye mwizi, angekuwa mtu wa mwisho kusema habari za vumbi.

"Katika siku hizo sita, mgeni gani aliingia?"

"Hakuna mgeni."

"Hata mmoja?"

"Afande, mgeni hakuja," Dorcas alisema, akachukua shati jingine.

Rosalia alikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, chini ya paa la mabati, mikono imekauka udongo hadi kwenye viwiko. Aliitambua taa mara moja na wala hakuona sababu ya kuficha.

"Hiyo ni kazi yangu. Iko na shida gani?"

"Nani aliileta?"

"Mzee mmoja mzuri sana. Alikuja Jumatatu na taa yake amefunga kwa taulo. Nikamwambia aache, aje baada ya siku mbili. Akakataa! Alikaa hapo kwenye ndoo siku mbili nzima nikitoa kalibu, nikimwambia akanywe chai anasema taa haiwezi kubaki peke yake. Jumanne jioni akaondoka nayo. Jumamosi akarudi kuchukua kopi. Alitaka rangi zifanane, nikapaka vumbi la tofali."

"Alikuwaje huyo mzee?"

"Mrefu, mtu wa bara kama mimi. Na alama kubwa ya moto hapa." Rosalia alipitisha kidole chenye udongo kutoka sikioni hadi begani.

Nyamvula alifunga daftari. Ile nyumba ya Mtongwe haikumdanganya. Ilimwambia kweli kwamba mgeni hakuja. Yule mtu hakuwa mgeni.

Alimpigia simu Bi Mwanatabu.

"Mama, Erastus huja kwenu lini?"

"Erastus? Kila Jumapili, toka mato ya mwenzake yaharibike. Humsomea gazeti. Kwani ana nini?"

*

Erastus Obara alikuwa akiishi Changamwe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana za malori. Nyumba ilikuwa tupu. Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa kamba, godoro limekunjwa, na ukutani palibaki misumari iliyopoteza picha zake. Alimkaribisha Nyamvula kwa kiti pekee kilichobaki, naye akakaa juu ya sanduku.

"Unahama, mzee?"

"Narudi nyumbani Ugenya. Mke wangu ananingoja miaka mingi. Basi linaondoka Jumamosi."

"Mzee Abdulaziz anajua?"

Erastus alisugua shingo yake yenye kovu. "Mara nne nimekwenda kumwambia. Nafika, ananiambia soma gazeti, nasoma gazeti."

Nyamvula alimwekea ile kopi juu ya sanduku. Erastus hakuigusa.

"Alijuaje?" aliuliza. "Haoni."

"Kwa ukucha."

Mzee alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Nilitaka kopi tu, afande, niende nayo nyumbani. Nilichukua taa Jumapili, na Jumatano nikairudisha salama, wakiwa wamelala mchana. Uliza Rosalia, sikuiacha hata dakika. Halafu Jumapili iliyofuata nikaenda na kopi mfukoni, nizilinganishe mara ya mwisho. Nikaziweka pamoja rafuni. Yeye yuko kibarazani ananiita, Erastus, mbona wakawia? Na mkono wangu ukachukua ile siyo, ile halisi, nami najua."

"Kwa nini taa hiyo?"

"Injini ilishika moto tukiwa karibu na Tunis. Mimi kazi yangu ilikuwa kupaka mitambo mafuta, niko chini kabisa. Wote walipanda. Yeye alishuka. Alinitoa ngazi nne za chuma akinibeba hivi." Aligusa bega lake. "Nililala hospitali wiki tatu. Siku moja akaja na hiyo taa, akasema, tazama, wamekuchonga. Wewe ndiye mzee, mimi ndiye kijana. Tangu siku hiyo ananiita baba, na amenizidi umri miaka miwili."

Nyamvula aliirudisha ile kopi ndani ya leso. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Dorcas amerudishwa kwao."

"Dorcas? Kwa nini?"

"Ndiye anayezipangusa. Ameondolewa Jumamosi, mbele ya majirani."

Erastus alisimama. Alifungua kamba ya sanduku alilokuwa amelikalia, akaingiza mkono hadi chini kabisa chini ya mashati, akatoa taulo.

"Twende," alisema. "Twende sasa hivi, afande. Jumapili nilikuwa naumwa sikwenda, sikujua. Wallahi sikujua." Alikuwa Mkristo, lakini kiapo hicho alikizoea miaka arubaini.

*

Bi Mwanatabu ndiye aliyefungua mlango. Aliwatazama wawili hao, akaliona taulo, akapisha.

Mzee Abdulaziz alikuwa kibarazani. Alisikia hatua.

"Baba, leo ni Jumanne. Umekosea siku?"

Erastus alimwekea taa mapajani. Vidole vya Abdulaziz vilizunguka tumbo la taa, vikapanda kwenye kisahani, vikashuka chini mpaka kwenye herufi. Ukucha ukaingia. Nyamvula akatazama ukuta.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ungenipa."

"Basi?"

"Ndiyo maana. Ungenipa, na najua ni hiyo unayoipenda." Erastus alichuchumaa mbele yake. "Abdu, nakwenda nyumbani. Jumamosi. Nakwenda kabisa."

Hapo ndipo Mzee Abdulaziz alipobadilika uso. Wizi hakuushtukia, safari ilimpiga. Alinyoosha mkono hewani akautafuta wa mwenzake, akaukosa, na Erastus akausogeza wake.

"Nani atanisomea gazeti?"

"Nitakupigia simu. Nitakusomea kwa simu."

"Gazeti la juzi litakuwa."

"La juzi."

Bi Mwanatabu alijifuta machozi kwa ncha ya leso. Mumewe alimwita alete daftari na kalamu, akamwambia aandike chini ya ukurasa wa kumi na saba: urefu milimita mia moja na tatu, upana sabini na mbili, kazi ya Rosalia, Mishomoroni, mwaka huu. Kisha akaifunga ile taa ya Kirumi katika taulo, akairudisha mikononi mwa Erastus.

"Mimi sitaiona tena. Wewe una mato. Na hiyo ndogo naijua sasa, haitanishitua."

Erastus alijaribu kukataa, akashindwa.

"Malalamiko naweza kuyafunga," Nyamvula alisema, "mlalamishi akitaka. Ya Dorcas siwezi kumfungia mtu."

Wazee wawili waliinamisha vichwa kama wanafunzi.

"Viatu vyangu," Abdulaziz alimwambia mkewe.

Walivuka kivuko watatu, Erastus amemshika mwenzake kiwiko. Dorcas alikuwa bado na pasi. Majirani walikuwa nje, na Mzee Abdulaziz aliposikia sauti zao hakusema waingie ndani. Alisema pale pale, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Dorcas. Nilikushuku mbele ya watu, naja kukuomba radhi mbele ya watu. Hukuchukua kitu. Nimekukosea."

"Na mimi ndiye niliyechukua," Erastus alisema.

Dorcas aliichomoa pasi kwenye umeme. Aliwatazama, huyu mwenye kovu na huyu asiyeona, ambaye alikuwa ameelekeza uso wake kidogo pembeni ya mahali aliposimama yeye.

"Ukanishuku bila kuniuliza," alisema. "Ungeniuliza, ningekwambia habari ya vumbi. Siku ile ile."

"Kweli."

"Siku nyingine uniulize."

"Nitakuuliza."

"Nitakuja Jumatatu. Wiki hii nina nguo za watu." Alivuta kiti kivulini, akamshika mzee mkono, akamkalisha. "Mzee, unajua hapa ni mara yako ya kwanza?"

"Miaka kumi na mmoja," Abdulaziz alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anaihesabu. "Mbona sijawahi kufika?"

"Hukuwahi kutaka kujua ni wapi."

Aliingia ndani. Walisikia sufuria, walisikia mafuta yakilia. Alipotoka alikuwa amebeba samaki na ugali na mchicha, na sahani nne.

"Na wewe afande, usinisimamie kama nimeiba. Kaa."

Nyamvula alikuwa na ripoti ya kuandika, na kituo kilikuwa ng'ambo ya maji. Alivua viatu, akanawa mikono.

"Mwekee Mzee Erastus kichwa cha samaki," Abdulaziz alisema. "Wa bara hawa, ukiwapa mkia hununa."